Wimbo Mbele ya Mauti

Tarehe 12 Aprili 1984, Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu wa Tanzania, alipokuwa njiani kutoka Dodoma kwenye shughuli za Bunge akielekea Dar es Salaam, alifikwa na ajali ya gari huko Dakawa, mkoani Morogoro, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 45. Na tanzia yake, iliyotangazwa redioni kwa watu ambao asubuhi ya siku ile ile walimjua kuwa yu hai, mzima wa afya na mwingi wa shughuli, haikumwachia mtu nafasi ya kuizoea kabla ya kulazimika kuiamini. Haukupita muda bendi za dansi, kwaya na vikundi vya ngoma vikaanza kumwimba. Miaka 15 baadaye, Mwalimu Julius Nyerere alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999, jambo hilo lilitukia tena kwa ukubwa zaidi: nyimbo za mapenzi na za kuchezwa zikawekwa kando, redio zikashika za kilio, na sauti ya Kapteni John Komba na wenzake wa Tanzania One Theatre ikaingia katika nyumba za watu ambao siku nyingine wasingeukaribisha wimbo wa kundi lolote la siasa.

Hiyo ndiyo desturi yetu, kuyapokea mauti kwa wimbo, na wala haikuanza kwa redio. Walakini, katika nyimbo zinazotungwa kila ifikapo tanzia, zilizo nyingi hupita pamoja na siku za maombolezo, ilhali chache hubaki, zikaimbwa na kusikilizwa na watu ambao hawakumjua marehemu, pengine hawakuwa wamezaliwa siku ya msiba wake, wala hawana udugu naye isipokuwa ule wa viumbe wote, wa kuwa na mwisho. Sauti njema peke yake si sababu ya tofauti hiyo, kwa maana sauti njema nyingi zimesahauliwa. Wala si ukubwa wa marehemu, kwa maana wakubwa wamekwisha kuimbiwa nyimbo zisizomaliza mwaka, na mke wa karani mmoja wa Tanga akaimbiwa beti zinazosomwa mpaka leo. Sababu, kwa kadiri tunavyoweza kuipambanua, imo katika swali jepesi ambalo watunzi wengi hawajiulizi: wimbo huu unasema na nani?

Moyo unaosemeshwa, na binti anayeusiwa

Mwanzoni mwa karne ya 19, dola ya Pate ilipokuwa imekwisha kuporomoka na majumba yake ya mawe yakianza kuwa magofu, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, shairi ambalo wengi hulihesabu kuwa kilele cha tafakuri ya mauti katika Kiswahili. Huko mwambaoni shairi halikuwa kitu cha kusomwa kimyakimya na jicho. Lilighanwa, likaingia masikioni kabla ya kuingia karatasini, na hivyo historia ya wimbo wa mauti katika lugha yetu haiwezi kuanza pengine ila hapo. Mtunzi anapita katika kumbi zilizokuwa na taa, anatazama vidaka vilivyopangwa vyombo vya fahari vikawa sasa makao ya ndege, anauliza wamekwenda wapi waliokuwa wakitembea kwa maringo katika sebule zile, na jawabu analijua kabla ya kuuliza.

Lililo la ajabu katika kazi hiyo ni kwamba, ijapokuwa mada yake ni kuanguka kwa mji mzima na kufa kwa mabwana wake, mtunzi hausemeshi mji, wala hawahutubii wasikilizaji kwa kidole kilichoinuliwa kama mtu aliye juu ya mimbari. Anausemesha moyo wake mwenyewe. Anaukaripia, anaubembeleza, anauuliza kwa nini unadanganyika na ulimwengu uliokwisha kuwadanganya walio bora kuliko wewe. Kwa hila hiyo ya adabu, kila anayelighani shairi hilo, awe Lamu, Mombasa au Muscat, hulazimika kutamka maneno hayo kama yake, na moyo unaosutwa ukawa wake yeye. Pate iliweza kusahauliwa na wengi. Lakini nani asiye na moyo wa kuukaripia?

Hayo ni mauti yanayotafakariwa na mtu aliye mzima. Mauti yanayongojwa kitandani yana fani yake nyingine. Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu, akiwa katika maradhi marefu ambayo hakuyatumainia kupona, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa wasia, akaupanga kwa beti fupi fupi zenye vina, ili uweze kushikwa kwa moyo na mtoto ambaye karibu angebaki bila mama wa kumwuliza. Mengi yaliyomo ni mambo ya dini, heshima na unyumba, na wasomaji wa zama zetu wamejadiliana sana, tena kwa haki, juu ya nafasi aliyopewa mke mbele ya mume katika mafundisho hayo. Lakini nyuma ya kila ubeti kuna jambo lisilojadiliwa, nalo ni mwanamke anayekufa ambaye, badala ya kujililia, anautumia muda uliobaki kusema na atakayebaki. Hakudumu baada ya hapo ila miaka michache. Utendi wake ulinakiliwa kwa mikono, ukaghanwa na wanawake wa visiwa vya Lamu kizazi baada ya kizazi, na kila binti aliyeusikiliza alikalishwa penye nafasi ya Mwana Hashima, akausiwa na mama asiyekuwa wake.

Pate na Siyu zote mbili zimo katika kisiwa kimoja, na tungo hizi mbili hazikutengana hata kwa miaka 50 kamili. Moja iliuchagua moyo kuwa msikilizaji, nyingine ilimchagua binti; na kwa kuwa zilichagua msikilizaji, zilipata nafasi ya kudumu ambayo hazingeipata kama zingetosheka kusimulia kuwa mji umeanguka na kuwa mama yu mgonjwa.

Mauti yasiyobisha hodi

Lakini si kila mtu hupewa maradhi marefu na kalamu. Watu wa mwambao, wanapoomba dua, huomba pamoja na mambo mengine waepushwe na mauti ya ghafla, na sababu yake si woga wa maumivu, maana mauti ya ghafla aghalabu hayana maumivu marefu. Wanachokihofia ni kuondoka mtu hajausia, hajalipa deni, hajaomba radhi, hajarudisha amana. Na upande wa wanaobaki hofu ni ile ile ikitazamwa kwa ndani: mfiwa wa mauti ya ghafla halii kwa sababu ya mtu peke yake, bali pia kwa sababu ya mazungumzo yaliyokatika katikati, pengine kwa neno la hasira lililosemwa asubuhi, ambalo wote wawili walidhani litasahihishwa jioni.

Msiba wa namna hiyo, jamii zetu zimeuwekea walinzi wawili ambao kwa sura hawafanani hata kidogo. Wa kwanza ni ukimya. Nyumba yenye matanga hutulizwa. Redio huzimwa, harusi ya jirani huahirishwa au hufanywa bila ngoma, wanaume hukaa barazani au chini ya turubai, wanawake hukaa ndani mikekani, hitima ikasomwa, na kila anayeingia husema maneno machache yale yale ya rambirambi, akatoa ubani wake, akakaa. Dini imefundisha subira, ikakataza kupiga mayowe na kurarua nguo, ingawa haikulikataza jicho kutoa chozi. Mlinzi wa pili ni mtani. Huyu huingia msibani kwa kelele, akaigiza mwendo wa marehemu na namna yake ya kukohoa, akadai madeni yasiyokuwako, akazuia jeneza lisitoke mpaka alipwe fidia yake. Na mfiwa ambaye tangu jana hajaweza kumeza hata tonge moja hujikuta akicheka ilhali machozi hayajakauka shavuni. Mwalimu wa dini, anayeufundisha ukimya ule, na mtani hawatumii maneno yanayofanana, lakini wote wawili wanafanya kazi moja, nayo ni kumzuia mfiwa asibaki peke yake na mazungumzo yaliyokatika.

Kati ya watu hao wawili ndipo ulipozaliwa wimbo wa msiba wa muziki wa dansi, ulioenea Tanganyika na Kenya kwa redio na santuri katikati ya karne ya 20, na kustawi zaidi katika miaka ya 1960 na 1970. Ulirithi kwa mwalimu uzito wa maneno, ukarithi kwa mtani uhodari wa kusogea karibu na maiti bila kunyenyekea kupita kiasi. Wimbo huo kwanza ulikuwa ni taarifa. Uliwaambia watu wa mbali nani amekufa, wapi, kwa sababu gani, ameacha nani. Na katika nchi ambayo matangazo ya vifo redioni yalikuwa njia ya kawaida ya kuwaita ndugu mazikoni, msikilizaji alijua namna ya kusikiliza orodha ya namna hiyo. Baada ya taarifa kulikuja rambirambi, wakatajwa wazazi, mjane na watoto. Na baada ya rambirambi, katika zile zilizo bora, mwimbaji aliwageukia marehemu na mauti yenyewe, akaanza kuuliza. Umeondokaje bila kuaga? Ile ahadi ya Jumamosi nani atatimiza? Maswali hayo hayana majibu, na mwimbaji hakuyategemea; lakini kuyauliza kwa sauti, mbele za watu, kwa mdundo unaorudi pale pale kila baada ya muda uliopimwa, ni kuyaendeleza mazungumzo yaliyokatika kwa njia pekee iliyobaki wazi.

Kwa nini watu wanacheza?

Hapa pana jambo linalowashangaza wageni, na hata sisi wenyeji hatulifikirii mpaka tuulizwe. Nyimbo za dansi za msiba zilipigwa kumbini, na watu walizicheza. Ukiutazama ujenzi wa wimbo wa dansi wa Dar es Salaam utaona kuwa una sehemu mbili: ya kwanza ni ya mashairi, iendayo polepole, ambamo mwimbaji hueleza habari yake na waitikiaji humpokea, ya pili ni ile ambayo wanamuziki wenyewe waliiita chemko, ambamo mwendo huharakishwa, magitaa yakajibizana, tarumbeta na saksafoni zikapanda, na maneno yakapungua yakabaki makelele mafupi ya kuchangamsha. Wimbo wa mapenzi huwa hivyo, wimbo wa siasa huwa hivyo, na wimbo wa msiba nao huwa hivyo hivyo, wala hakuna mtunzi aliyeona haja ya kuyapa mauti umbo la peke yake.

Mtu wa haraka atasema kuwa huo ni ugumu wa moyo, kulia kwa dakika tatu na kucheza kwa dakika nne. Mwenye kutulia ataona kinyume. Katika sehemu ya kwanza marehemu anatajwa, anaulizwa, anazikwa; maneno yanafanya kila linaloweza kufanywa na maneno, mpaka yanafika mahali ambapo neno la ziada lingekuwa ni kurudia tu. Hapo ndipo maneno yanaponyamaza na miguu ikachukua zamu. Mchezaji aliye uwanjani hajasahau kilichoimbwa sasa hivi. Amekibeba mwilini mwake, na walio pembeni yake wamebeba kila mmoja cha kwake, kwa kuwa katika ukumbi wa watu wengi hakuna asiye na kaburi analolijua njia. Wahenga walisema kifo cha wengi harusi, nao hawakukusudia kuwa watu wengi wakifa pana furaha. Walikusudia kuwa majonzi yanayogawanywa na wengi huweza kubebwa, na pengine huweza hata kuchezwa. Chemko ndiyo methali hiyo iliyotiwa magitaa.

Remmy Ongala na shitaka lake

Hakuna aliyeifahamu kazi hii kuliko Ramadhani Mtoro Ongala, aliyejulikana na wote kwa jina la Dokta Remmy. Alizaliwa mwaka 1947 Kindu, katika nchi ya Maniema, mashariki ya Kongo, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya nyumbani pia; na mwenyewe alikuwa akisimulia kuwa mama yake alikuwa amekwisha kupoteza watoto kabla ya kumpata yeye, hata ikabidi ashauriwe na mganga namna ya kumzaa mtoto huyu na kumtunza ili naye asimfuate nduguze, na miongoni mwa masharti hayo ni kuwa asinyolewe nywele. Kwa hiyo alikuja duniani akiwa mtoto ambaye kifo kilikwisha kumtangulia nyumbani mwao. Akawa yatima angali mdogo, akaishi kwa muziki, na mwaka 1978 akafika Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy ya mjomba wake, kabla ya kuingia Matimila, bendi ambayo chini yake iliitwa Super Matimila na kuwa maarufu ndani na nje ya nchi.

Wimbo wake uitwao Kifo ulitoka pia katika albamu ya Songs for the Poor Man ya mwaka 1989, iliyotolewa Uingereza na kampuni ya Real World, na hivyo ukawafikia watu wasioijua hata silabi moja ya Kiswahili. Lakini walioujua kwa maneno yake ni wale wa mitaa ya Dar es Salaam, na kwao haukuwa muziki wa kigeni wa kusisimua. Ulikuwa ni mtu wao anayekishitaki kifo kwa kukosa huruma. Neno kushitaki tunalitumia kwa makusudi. Remmy, ambaye katika nyimbo nyingine alisimama upande wa mnyonge dhidi ya mwenye nacho na dhidi ya wenye maguvu, alisimama katika wimbo huu kama wakili wa wafiwa wote, na mshitakiwa aliyemweka kizimbani ni yule ambaye hahukumiwi na mahakama yoyote. Kesi hiyo haina matumaini, na wote waliomo mahakamani wanajua. Lakini kuna heshima kubwa katika kuifungua hata hivyo, kwa kuwa mtu anayelalamika bado anadai haki, na anayedai haki hajakubali kuwa yeye si kitu.

Katika uso wa dini na desturi hilo si jambo dogo. Kukishitaki kifo kunaweza kuonekana kuwa ni kuishitaki kadari, na mwanazuoni angalimwonya. Remmy aliliepuka kosa hilo kwa sauti yake: nzito, iliyokwaruza, isiyo ya mtu anayekufuru bali ya mtu aliyechoka kwenda mazikoni. Na ilipofika chemko, magitaa ya Matimila yalifanya yale ambayo hoja hazikuweza.

Tena mtu huyo hakuridhika kulia baada ya tukio. Ukimwi ulipokuwa umekwisha kuingia katika nyumba nyingi za Afrika ya Mashariki, na kila familia ikiwa na kijana aliyekonda kwa maradhi yasiyotajwa, alitunga Mambo kwa Soksi, wimbo uliowahimiza watu, kwa lugha ya mzaha iliyoeleweka na kila mtu, watumie mipira ya kinga. Radio Tanzania haikukubali kuupiga. Ulienea kwa njia ya kumbi na kanda, kwa sababu ulisema na walio hai wakati ambao bado palikuwa na faida ya kusema nao. Miaka michache kabla yake, mwaka 1987, mwanamuziki Franco Luambo Makiadi wa Zaire naye alikuwa ametoa wimbo mrefu wa onyo juu ya maradhi hayo hayo, akifika kwa kila tabaka la watu na kulitolea nasaha zake. Naye akafariki tarehe 12 Oktoba 1989. Nyimbo hizo mbili zinatukumbusha kuwa elimu ya mauti katika muziki si ya maombolezo peke yake. Mtunzi anayeyajua mauti vizuri ndiye anayeweza kuwaonya watu kabla hawajahitaji kuliliwa.

Marehemu anaposema

Kuja kwa santuri kulileta hali ambayo washairi wa Pate hawakuiota. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alisafiri na wenzake mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodiwa, na santuri zake zikanunuliwa tangu Mogadishu hata bara. Alipofariki mwaka 1950 sauti yake haikufa naye. Watu waliomzika waliweza kurudi nyumbani, wakafungua sanduku la santuri, wakamsikia akiimba. Zamani sauti ya mtu ilikuwa ndiyo ya kwanza kupotea katika mambo yake yote, ikisahauliwa kabla ya sura. Sasa ikawa ndiyo ya mwisho.

Mauti ya ghafla yaliifanya hali hiyo kuwa kali zaidi. Mbaraka Mwinshehe, fundi wa gitaa wa Morogoro Jazz aliyekwenda na bendi yake hata Osaka kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970, kisha akaanzisha Super Volcano, alikufa Januari 1979 kwa ajali ya gari huko Mombasa, akiwa na umri wa miaka 34, katika wakati ambao wimbo wake wa Shida ulikuwa ukipigwa kila mahali. Wapenzi wake walijikuta wakihuzunika kwa kifo cha mtu ambaye redio iliendelea kumwimbisha asubuhi na jioni, akilalamika juu ya shida za dunia kana kwamba bado zinamhusu. Hapo utaratibu wote uligeuka. Katika wimbo wa kilio aliye hai husema na maiti. Katika santuri ya Mbaraka maiti ndiye aliyesema na walio hai, na neno alilolitunga kwa habari ya maisha likasikika, pasipo yeye kukusudia, kuwa ni buriani. Mauti hayakuongeza hata silabi katika Shida, lakini tangu mwezi ule hapakuwa na aliyeisikiliza kama alivyoisikiliza Desemba. Hili nalo ni somo la utunzi: wimbo mwema huwa na nafasi ndani yake, na mauti yakija huikuta nafasi hiyo yakaingia, ilhali wimbo uliojazwa pomoni na mambo ya siku moja hauna pa kuyapokea.

Sifa na kilio

Sasa tunaweza kulirudia swali la msikilizaji tukiwa na ushahidi mkononi. Shaaban Robert, alipofiwa na mkewe Amina, alitunga mashairi ambayo yamo katika Maisha Yangu, na humo hakutuhubiria habari za Amina, tabia zake na ukoo wake, ingawa mume mwenye mapenzi angalikuwa na mengi ya kutaja. Alisema na Amina. Shaaban ndiye karani wa Tanga tuliyemgusia mwanzoni, na Amina ndiye mke aliyeimbiwa. Wajane wa kiume na wa kike waliosoma beti hizo shuleni wakiwa watoto, wasielewe kitu, wamezirudia ukubwani wakiwa na jina jingine la kuliweka penye jina lile, na utungo haukuwakatalia. Ni hivyo hivyo kwa moyo wa Al-Inkishafi, kwa binti wa Mwana Kupona, na kwa kifo kilichowekwa kizimbani na Remmy: tungo zote hizo zinasema na mmoja, na kwa kusema na mmoja zimeacha mlango wazi kwa wengi.

Zitazame kwa kulinganisha nyimbo nyingi za maombolezo zinazotungwa siku hizi anapofariki mtu mashuhuri. Studio zimekuwa nyingi, kazi ni nyepesi, na wimbo huweza kutungwa, kurekodiwa na kusambazwa kwa simu kabla maiti hajaoshwa. Haraka yenyewe si aibu. Bendi za zamani nazo ziliharakisha, na msiba haungoji mtu apate ilhamu. Aibu imo katika aina ya maneno. Marehemu anatajwa vyeo vyake vyote kwa utaratibu wa itifaki, barabara alizozijenga zinahesabiwa, uongozi wake unaitwa shupavu, pengo lake linasemwa kuwa halizibiki, na msikilizaji, aliyefungua redio akitafuta pa kulilia, anakuta amesomewa ripoti ya utekelezaji. Wimbo wa namna hiyo unasema juu ya mtu, wala hausemi na mtu. Yeye hayumo ndani yake, wala sisi hatumo. Matanga yakianuliwa hauna kazi tena, kwa kuwa kazi yake ilikuwa ni kuonekana msibani.

Haisemwi kwamba sifa za marehemu ni haramu. Jamii inayowasahau waliotenda mema itakosa watenda mema, na kuna mahali pa kuyaandika hayo, katika wasifu, katika historia, katika hotuba ya mazikoni inayosomwa kwa miwani. Lakini sifa na kilio ni amana mbili, na anayezichanganya huzipoteza zote mbili: sifa inakuwa ya machozi isiaminike, na kilio kinakuwa cha makaratasi kisilize. Waimbaji waliomwombolezea Mwalimu mwaka 1999 na kusikilizwa tena kila mwaka ifikapo Oktoba hawakudumu kwa kutuorodheshea kazi zake, ambazo tulizijua. Walidumu pale waliposema naye kama watoto wanavyosema na mzee aliyeondoka bila kuwaaga.

Kwa hiyo mtunzi kijana anayeitwa usiku kutunga wimbo wa msiba, na studio imekwisha kulipiwa, na mazishi ni kesho kutwa, anaweza kuanza kazi yake kwa kuchagua msikilizaji mmoja tu. Aseme na marehemu kama anaweza kumvumilia. Akishindwa, aseme na mjane, au na mtoto mdogo asiyeelewa kwa nini nyumba imejaa watu, au na kifo chenyewe, au na moyo wake kama alivyofanya yule Sayyid wa Pate. Akikosa wa kusema naye kati ya wote hao, basi hana wimbo bado, na heri arudishe fedha za studio, akae barazani na wenziwe katika ukimya, ambao tangu zamani ni taazia iliyo timamu na haimdhalilishi mtu.